Mkunga wa miiba hana safari ya baharini

Mkunga wa miiba ni samaki wa maji baridi, mrefu na mwembamba, wa familia ya Mastacembelidae, anayeishi Afrika na Asia. Maana yake inaishia hapo. Kinachonikera ni nyongeza ambayo walimu wa tuisheni hapa Moshi hawachoki kuwapa watoto: eti "kama mikunga wote, huenda kuzaa baharini."

Haendi. Mwenye safari hiyo ni mkunga wa jenasi ya Anguilla. Huyo hupanda mto Pangani akitokea Bahari ya Hindi, hukulia mtoni miaka mingi, na akipevuka hurudi baharini kutaga mara moja tu, kisha hufa. Ndiyo maana mabwawa ya umeme humwumiza: ukuta mmoja humkatia njia ya kuja na ya kurudi.

Sasa mchukue mkunga wa miiba wa Kigoma. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 10 zake zisizopatikana kwingine duniani. Ili madai hayo yawe kweli, ingebidi atokee mto Lukuga, aingie Kongo, ateremke maporomoko yote hadi Atlantiki, halafu watoto waipande njia hiyo hiyo! Wa miiba hutaga kwenye maji baridi anamoishi. Spishi za Asia zilizochunguzwa hubandika mayai yanayonata kwenye mimea ya majini, na huanguliwa baada ya siku chache. Hawana kabisa ile hatua ya lava (kitoto kichanga) ya Anguilla, bapa, angavu kama kioo, inayoelea baharini.

Kwa chakula, nakubali, wanafanana: wote huwinda usiku, wakila mabuu ya wadudu, minyoo na samaki wadogo. Ila wa miiba mchana hujifukia mchangani akaacha pua tu nje, na mgongoni ana safu ya miiba mifupi, kila mmoja ukijitegemea, mbele ya pezi laini. Anguilla hana hata mmoja. Umbo limewapotosha wengi. Kwa nasaba, mkunga wa miiba yuko karibu zaidi na perege tunayemla kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu kuliko na Anguilla.

Basi, mwalimu, sentensi yako si ya kufuta yote. Iandike hivi ubaoni: "Mikunga wa jenasi ya Anguilla huenda kutaga baharini, mikunga wa miiba hutaga kwenye maji baridi."