Maji ya fedha: koloidi au ioni? Dhana potofu kuhusu vipimo vya nyumbani

Chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la fedha ya koloidi, yaani chembe ndogo mno za madini ya fedha zinazoelea majini bila kuyeyuka, huwa na maji angavu, na mnunuzi huambiwa kuwa uangavu huo ndio alama ya ubora. Mambo ni kinyume. Chembe ndogo za fedha, zenye kipenyo cha nanometa 10 hadi 20 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta), hufyonza mwanga wa urujuani wa karibu nanometa 400, na ndiyo maana koloidi halisi huonekana ya manjano, na ikikolea huelekea kahawia. Fedha iliyoyeyuka ikawa ioni, yaani atomi mojamoja zenye chaji ya umeme, haina rangi. Kwa hiyo maji yanayodaiwa kuwa na miligramu 10 za fedha kwa lita, lakini yanafanana na maji ya mvua, aghalabu ni ya ioni, hasa yakiwa yametengenezwa kwa kupitisha umeme kati ya vijiti viwili vya fedha.

Kipimo kinachopendwa zaidi ni cha chumvi, nacho ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani kuwa ukidondosha punje chache ndani ya glasi, maji yakiingia ukungu ni ya ioni, yasipoingia ni ya koloidi. Msingi wake ni wa kweli: ioni za fedha hushikana na kloridi ya chumvi zikafanya kloridi ya fedha, ambayo ni vigumu sana kuyeyuka majini, na glasi ikabadilika mfano wa maji yaliyooshea mchele. Hata hivyo, ukungu huo huthibitisha tu kwamba ioni zimo. Haukanushi kuwapo kwa chembe, na bidhaa nyingi zina vyote viwili kwa pamoja. Kiasi cha chumvi nacho kina neno lake, kwani anayemwaga kijiko kizima katika glasi ndogo huzidisha kloridi kiasi cha kuiyeyusha tena kloridi ya fedha, akaona maji safi na kudanganyika. Isitoshe, chumvi huivuruga hata koloidi yenyewe: huondoa msukumano unaozitenga chembe, zikagandamana, na rangi ya manjano ikageuka kijivu.

Chumvi ya mezani pia huwa na viungo vya kuzuia isishikane, ambavyo peke yavyo vinaweza kutia maji ukungu. Mpimaji makini huweka glasi mbili, moja ya maji ya fedha na nyingine ya maji yaliyokenekwa, akatia punje zilezile kote kuwili. Kisha glasi yenye ukungu huiacha dirishani penye jua: mashapo yake yakigeuka zambarau-kijivu, ni kloridi ya fedha, kwa kuwa mwanga huivunja na kuacha fedha tupu.

Wapo wanaoamini kuwa mstari wa leza ukionekana ndani ya maji, basi hiyo ni koloidi ya fedha. Mtawanyiko huo wa mwanga, unaoitwa kwa jina la mwanafizikia John Tyndall, huonyesha kuwa kuna chembe, bila kusema ni za nini; tone la maziwa au vumbi hufanya vivyo hivyo, hata kloridi ya fedha iliyotokana na chumvi. Upande wa pili, chembe ikipungua kipenyo kwa nusu, mwanga inaoutawanya hupungua mara 64, hivyo koloidi nzuri ya chembe ndogo inaweza kutoa mstari hafifu usioonekana ila katika chumba chenye giza.

Kipima TDS, kifaa cha kukadiria jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, nacho hupima upitishaji wa umeme, kazi ya ioni za kila aina. Chembe za fedha karibu hakizioni, na namba kinayoonyesha si kipimo cha fedha.

Dhana iliyo nzito kuliko zote ni kwamba maji yakishathibitika kuwa koloidi, basi ni salama kunywa. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kuwa dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari zenye fedha ya koloidi au chumvi za fedha hazitambuliki kuwa salama wala zenye ufanisi. Fedha ya aina zote mbili, ikinywewa kwa muda mrefu, inaweza kujikusanya mwilini na kuifanya ngozi kuwa ya kijivu-buluu, hali iitwayo arijiria, ambayo kwa kawaida haiondoki. Nayo hujitokeza zaidi usoni na mikononi, mahali ngozi inapopigwa na jua, kwa mwanga uleule uliogeuza rangi ya mashapo dirishani.