Jengo fikivu: maana yake na namna wanafunzi wanavyoweza kulipima

Jengo fikivu ni lile ambalo mtu mwenye ulemavu anaingia, analitumia na kutoka mwenyewe, bila kubebwa. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inazitaja shule waziwazi miongoni mwa majengo yanayopaswa kuwa fikivu. Shule nyingi hujenga rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, mlangoni zikaishia hapo, ilhali mwanafunzi anatoka getini, anaingia darasani, anakwenda bombani na chooni. Kizingiti kimoja kisichopitika kinatosha kumkwamisha.

Somo hili linaeleweka zaidi wanafunzi wakilipima jengo lao wenyewe. Waanze na rampu. Uwiano unaotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha sentimita 45, hivyo rampu yake inahitaji mita 5.4. Fundi akiachiwa mita 2 tu, mteremko unakuwa mkali: kiti cha magurudumu kinaweza kupinduka kinyumenyume kikipanda, na kikishuka mikono haikizuii.

Kipimo chake ni rahisi. Laza ubao ulionyooka wa sentimita 120 juu ya rampu, ukifuata mteremko. Ncha ya juu ibaki imegusa sakafu. Inua ya chini mpaka pimamaji (kifaa cha fundi cha kupima usawa) iliyowekwa juu ya ubao ionyeshe usawa, kisha pima pengo lililo chini yake. Likizidi sentimita 10, rampu ni kali mno.

Mlango wa choo upimwe nafasi inayopitika ukiwa wazi, si fremu: isipungue sentimita 80. Ufungukie nje. Ukifungukia ndani ya chumba kidogo, kiti kikishaingia haufungiki tena, na mwanafunzi anajisaidia mlango wazi. Hilo peke yake huwafanya wengine washinde bila kunywa maji.

Kwa wasioona, angalieni mitaro isiyofunikwa na madirisha yanayofungukia barazani. Fimbo nyeupe hupapasa chini. Kona ya dirisha iliyo usawa wa uso haiigundui.

Wanafunzi wenye ulemavu, wakiridhia, ndio waongoze ukaguzi. Kumkalisha asiye na ulemavu kwenye kiti cha magurudumu kwa dakika chache humfundisha huruma kuliko kasoro za jengo. Ripoti iandikwe kwa vipimo: "mlango wa choo, sentimita 68" ni kazi ambayo fundi anaweza kuipigia hesabu siku hiyohiyo, "choo si rafiki" haimwelezi abomoe wapi.