Omba Kuona Karakana Kabla Hujalipa Ada

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haitulii. Dada, shemeji, jirani wa zamani wa Tabata, wote wana swali moja: kijana anapenda kompyuta, tumpeleke chuo gani? Nafanya kazi ya msaada wa kompyuta hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa kumi na nne, na karibu kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi kutoka vyuo mbalimbali. Siku mbili zinanitosha kujua chuo kilimpa mwanafunzi nini mikononi. Ndiyo maana nawaambia wazazi wasianze na jina la chuo. Waanze na karakana yake.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaichanganya na kuandika programu. Mtu wa msaada ndiye anayeitwa printa inapokwama siku ya kutoa barua za mwisho wa mwezi, mhasibu anaposahau nywila asubuhi ya mishahara, au mashine ya risiti inapogoma na foleni imeshafika mlangoni. Anatafuta chanzo cha tatizo kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, huku akiongea na mtu aliyeshikwa na hofu kwamba kazi yake ya wiki nzima imepotea. Kijana anayetaka kubuni programu za simu ana njia nyingine, na ada ya familia isipotee kwa kuchanganya majina. Sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta: soma orodha ya masomo ya kila muhula, kwa sababu jina la kozi peke yake halikuambii kitu. Ukiona matengenezo ya kompyuta, mitandao, mifumo endeshi na usalama wa taarifa, upo karibu. Ukiona mihula yote imejaa hesabu na lugha za kuandikia programu, hiyo ni kozi nzuri ya kazi nyingine.

Mwaka jana nilimpokea kijana mwenye alama za juu. Siku ya tatu simu ikapigwa kutoka masijala, mtandao hakuna. Nikamtuma. Saa moja na nusu ikapita hajarudi, nikapanda mwenyewe. Nikamkuta ameshachomeka flashi, anajiandaa kupiga Windows upya. Nikamwomba anionyeshe anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ilianza na 169.254.

Namba hizo kompyuta hujipa yenyewe inapoomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani kwenye mtandao, ikakosa wa kuijibu. Maana yake kadi ya mtandao ni nzima, kompyuta imeungwa mahali fulani, ila njiani kuna kitu kimekatika. Hakuna sababu ya kuigusa Windows. Tukaifuata kebo kwa mkono, kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye swichi ndogo chini ya meza, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao. Taa ya kompyuta ilikuwa inawaka. Kutoka kwenye swichi kwenda ukutani, giza. Jana yake walisogeza kabati la mafaili, kile kilimi cha plastiki cha kichwa cha kebo kikavunjika, kebo ikachomoka. Kazi ya dakika tano. Na mama wa masijala alikuwa na barua za miaka sita kwenye diski ile ile, hazina nakala popote; Windows ingepigwa upya, zingeweza kufutika.

Nikamuuliza kijana kama amewahi kubana kebo chuoni. Akasema, "Tuliiona kwenye slaidi, kaka." Hakuwa mvivu wala mjinga. Chuo kilimnyima. Mchana ule tukakaa na koleo ya kubania na vichwa vya RJ45, akapanga nyuzi kwa mkono wake: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mara tatu kipimo kilikataa. Ya nne taa zote nane zikafuatana kwa mpangilio, na alitabasamu kwa namna ambayo mwanafunzi wa miaka miwili ya kompyuta hakupaswa kuisubiri hadi aje kwangu.

Kwa hiyo zamu ya mpwa wangu ilipofika, mwaka juzi, sikumwachia dada kazi ya kusoma matangazo. Tulikwenda wenyewe. Chuo cha kwanza kina bango kubwa barabarani na ofisi ya udahili yenye kiyoyozi. Tukaomba kuona maabara. Tukaambiwa ufunguo anao mwalimu na mwalimu hayupo. Tukarudi Alhamisi, pakafunguliwa. Kompyuta kama thelathini, zimefunikwa vitambaa, nyingi zikiwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Hakuna hata moja iliyofunguliwa kifuniko. Kwa anayejifunza kuchapa barua panafaa. Kwa fundi, hapana.

Chuo cha pili ni kidogo, kipo ndani, barabara ya vumbi. Nyuma ya madarasa kuna chumba chenye meza ndefu za mbao, mashine zimefunguliwa, skrubu zimepangwa kwenye vizibo vya soda kila mashine na vyake, na pembeni boksi la pawasaplai zilizokufa, vile visanduku vya kuipa kompyuta umeme. Mwalimu alikuwa ameweka mashine moja katikati. Akatuambia ameiharibu mwenyewe asubuhi, wanafunzi wanatafuta. Binti mmoja alikuwa ameishika RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, kwa kingo zake, anayasugua meno ya dhahabu ya RAM hiyo taratibu kwa ufutio, mwenzake anaandika kwenye daftari walichojaribu na kilichotokea. Mpwa wangu akanivuta mkono: "Mjomba, hapa."

Lile daftari ndilo lililonikosha mimi. Fundi anayeandika alichojaribu harudii kosa, na akienda likizo mwenzake anaendelea alipoishia. Ofisini tunaita tiketi: nani kaita, lini, dalili gani, umefanya nini. Ukienda kutembelea chuo, omba kuona daftari la mwanafunzi mmoja.

Hata hivyo sikumwachia dada alipe siku ile. Karakana nzuri bila karatasi humkwamisha kijana mbele ya safari. Vyuo vya kati nchini Tanzania vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo zamani tuliliita NACTE. Kila mwaka baraza hutoa mwongozo wa udahili, unapatikana bure kwenye tovuti yake. Litafute jina la chuo humo, kisha itafute kozi yenyewe chini ya jina hilo, na ngazi yake. Usiridhike na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani, kwa sababu hicho kinazungumzia chuo, nawe unalipia kozi.

Ngazi zenyewe zinakwenda hivi. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini anaanzia NTA 4, yaani ngazi ya nne ya tuzo za ufundi za taifa, mwaka mmoja, kisha NTA 5, kisha NTA 6 ambayo ndiyo stashahada. Jumla miaka mitatu. Wa kidato cha sita mwenye sifa anaanzia NTA 5 na kumaliza kwa miaka miwili. Akitaka shahada baadaye, atahitaji GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0 na namba ya uhakiki, ile AVN, inayotolewa kupitia NACTVET. Namba hiyo inategemea chuo kiwe kimepeleka matokeo yake kwenye baraza. Nimeona vijana wakihangaika na hilo huku dirisha la udahili wa vyuo vikuu likiwa limeshafunguliwa, kwa sababu tu chuo kilichelewa. Waulize wanafunzi waliohitimu mwaka uliopita: AVN mliipata bila usumbufu? Waulize wao, usimuulize mkuu wa udahili.

Na si lazima iwe stashahada. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa ajili ya mtu anayetaka ufundi haraka, na pale Kipawa wana kituo chao cha TEHAMA. Kwa anayetaka njia ndefu zaidi ya kihandisi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina mizizi ya chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1957, na ufundi wa mikono haukuletwa pale na kompyuta. Arusha kuna Chuo cha Ufundi Arusha. Ushindani wa kupata nafasi katika vyuo hivi vya umma ni mkubwa, hivyo kijana aombe mapema na aweke chaguo la pili alilolitembelea kwa miguu yake.

Kuhusu vyeti vya nje nina maoni makali kidogo. CompTIA A+ ni cheti kizuri kwa kazi hii, nimekifanya na kilinifundisha utaratibu. Lakini mzazi ajue anachokinunua. Kina mitihani miwili, kila mmoja dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, unafanywa kwenye kituo kilichoidhinishwa au kwa usimamizi wa mtandaoni, kila mtihani unazidi dola 200, na cheti kinaisha nguvu baada ya miaka mitatu usipokihuisha. Chuo kinapokutangazia A+, uliza: ada hii ina mtihani ndani yake, au ni mafunzo tu na karatasi ya kuhudhuria? Karatasi ya kuhudhuria mwajiri haiangalii. Vyuo vinavyoshiriki mpango wa mafunzo ya mitandao wa Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ni hatua nzuri, mradi kuna ruta na swichi za kushika, kwa sababu swichi ya kwenye skrini haipati joto wala haijai vumbi.

Suala ambalo wazazi hawaniulizi, nami nalitaja kila mara, ni lugha. Chuoni wanafundishwa kwa Kiingereza, kisha kazini anayepiga simu ni mama wa uhasibu anayesema, "Mwanangu, hii kompyuta yangu inaniandikia maneno mekundu." Mwanafunzi anayajua majina yote ya vifaa na bado anashindwa kumwambia mama huyo, kwa Kiswahili cha upole, kwamba kazi yake ipo salama na atahitaji dakika kumi. Mara nyingi anaharakisha kugusa mashine kabla hajauliza swali linalomaliza nusu ya kazi: tangu jana ilipokuwa inafanya kazi, nini kimebadilika? Chuo chenye dawati la msaada linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe, wakihudumia walimu na ofisi ya uhasibu ya chuo, kinafundisha hili. Nimekutana na vichache. Ukikipata, nakuomba ukipe uzito kuliko jengo zuri.

Uliza pia kuhusu fildi: nani anamtafutia mwanafunzi nafasi, na mwalimu anakuja kumkagua mara ngapi? Kuna wanafunzi wamekaa kwangu wiki nane hajaja mtu yeyote, fomu inatumwa kwa simu nisaini. Wengine mwalimu anakuja, anakaa na mwanafunzi mbele ya mashine, anamwambia afungue.

Mpwa wangu yupo NTA 5 sasa, chuo kile cha vumbi, ambacho tulikikuta kwenye mwongozo pamoja na kozi yake. Juzi alinipigia usiku. Mashine ya darasani ilikuwa inawaka na kuzimika baada ya dakika mbili, kila mara. Akanisomea daftari lake: wamebadilisha pawasaplai, bado, wametoa RAM moja moja, bado. Nikamuuliza feni ya prosesa inazunguka? Akasema inazunguka, ila kile chuma kilicho chini yake, cha kuipoza prosesa isipate joto, kinacheza ukikigusa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mjomba, asante," akakata simu.