Makubaliano ya mdomo kwenye ardhi, yana nguvu ama hayana?

Mtu kakuuzia kiwanja kwa maneno, mkashikana mikono, hela ukatoa, miaka inapita unaenda kudai hati anakuuliza "andiko liko wapi?" Hapo ndo ubishi unaanza, mmoja anasema maneno matupu hayana kitu, mwingine anasema mbona mikataba ya mdomo inaruhusiwa, na wote wako sawa nusu nusu. Ukiuza simu kwa mdomo au ukimpa fundi kazi, huo ni mkataba halali tu, kazi ni kuuthibitisha. Ardhi ndo imetengwa.

Na imetengwa zamani sana. Uingereza walipitisha sheria 1677 kuzuia watu kuleta mashahidi wa uongo waape kwamba fulani aliahidi shamba, wakasema dai la mkataba wa ardhi lisipokelewe kama hakuna andiko lenye saini ya anayedaiwa. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zina kifungu cha aina hiyo mpaka leo. Sasa hapa ndo wengi wanapotea: sheria ile haikusema mkataba ni batili, ilisema hautekelezeki. Yaani makubaliano yapo, ila mahakama haitamlazimisha mwenzako ayatimize. (Uingereza wenyewe walikaza zaidi 1989, kwao sasa bila andiko hakuna mkataba wa kuuza ardhi kabisa.) Upangaji wa muda mfupi huwa unaachiwa, huo hata kwa mdomo unasimama.

Kinachoweza kukuokoa ni vitendo. Kama ulikabidhiwa kiwanja ukajenga na muuzaji anaangalia tu, majaji huona si haki ajifiche nyuma ya kukosekana kwa karatasi, mradi ulichofanya kinaonyesha chenyewe kwamba palikuwa na makubaliano. Kutoa hela peke yake kwa kawaida hakutoshi, maana hela inaweza kuwa deni, kodi, chochote, na tena inarudishika.

Njia nyingine ni ahadi uliyoitegemea ukaumia. Kuna kesi ya Uingereza iliamuliwa 2009, jamaa alifanya kazi kwenye shamba la binamu ya baba yake karibu miaka 30 bila mshahara, na mzee hakuwahi kutamka wazi "shamba litakuwa lako", ni vidokezo tu, siku moja alimkabidhi karatasi ya bima akimwambia hiyo ni ya kulipia kodi ya mirathi yake. Mzee akafa bila wosia na jamaa akapewa shamba. Kwa hiyo hata kidokezo kinaweza kuhesabika, ila angalia alivyolipia, miaka 30!

Hayo yote ni kati yako na aliyekuahidi. Akishamuuzia mtu wa tatu ambaye hajui habari zako, akalipa na jina lake likaingia kwenye daftari la ardhi, mambo yanakuwa magumu kweli, mara nyingi unabaki kumdai muuzaji hela zako tu. Ila kama ulikuwa unaishi pale na mnunuzi alikuona, sheria za baadhi ya nchi humhesabu kama aliyepaswa kukuuliza unakaa hapo kwa haki gani.