Je, wajua kwa nini majeshi ya Tanzania hayakuishia Mutukula, mji wa Uganda ulio mpakani?

Ukiuliza kijiweni kwa nini Tanzania ilikwenda kumtoa rais wa Uganda, Idi Amin, jibu halichelewi: Mwalimu Nyerere alishaamua tangu siku ya kwanza, na hotuba yake ya Novemba 2, 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, ndiyo ilikuwa amri ya kwenda Kampala. Jibu tamu, lakini linabanwa na mpangilio wa matukio.

Hotuba ile iliahidi kumpiga Amin. Haikuahidi kumpindua, wala kumchagulia Mganda serikali. Wakati Mwalimu anazungumza, majeshi ya Uganda yalikuwa yamekalia eneo lote la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, na Amin alikuwa ametangaza kwamba sasa ni la Uganda. (Wazungu ndio waliotandika kitendawili hiki: makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1890 yaliuchora mpaka kwa rula kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, bila kuujali mto ulio kusini zaidi.) Daraja la Kyaka, lililovuka mto huo, lilipolipuliwa, jeshi la Tanzania, JWTZ, lilibaki ng'ambo ya pili likiitazama ardhi yake lenyewe. Nani hasa aliyeanzisha uvamizi, Amin mwenyewe au askari wake walioasi na wenzao waliokuwa wakiwafukuza, wasimulizi hawajapatana.

Kikwazo kikubwa kwa Nyerere kilikuwa Nyerere mwenyewe. Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ya 1963, ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kule Cairo mwaka 1964, azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni lililetwa mezani na yeye. Tena Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda walikuwa wamevuka kutoka Tanzania kujaribu kumpindua Amin, wakashindwa vibaya. Kwa hiyo aliyajua maneno ya sheria, na hasara ya papara aliijua pia.

Basi walifikaje Kampala? Fikiria moto wa nyika unaoingia shambani kwako kutoka kwa jirani. Unauzima upande wako, ila cheche zinaendelea kuruka kutoka kilimani kwake. Unavuka ili ufyeke ukanda pale juu. Ukishafika, unakuta nyuma ya kilima hicho kuna kingine chenye majani makavu zaidi, na upepo ni uleule. Kila hatua ina sababu ya kweli, na hakuna hata moja iliyoanza kwa nia ya kulifyeka shamba lote la jirani. Lakini jirani akitazama, anaona mtu na panga yuko nje ya dirisha lake.

Ndivyo ilivyokwenda. Kagera ilipokombolewa, mizinga ya Uganda iliendelea kupiga kutoka miinuko ya Mutukula, na Januari 1979 JWTZ ikaitwaa Mutukula. Mbele yake kuna Masaka, na Februari Masaka na Mbarara zikaanguka. Hapo ndipo Mwalimu alitaka kusimama. Hoja yake ilikuwa kwamba vita ni viwili: Watanzania wanalinda nchi yao, na Waganda wanapigana wenyewe kumwondoa dikteta wao. Kikosi Maalum cha wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, pamoja na wapiganaji wa Museveni, wangeimalizia kazi.

Mgawanyo huo ulipendeza kwenye karatasi. Vikosi vya Waganda vilikuwa vidogo, na maasi ya wananchi yaliyotarajiwa hayakutokea. Halafu Gaddafi akaleta wanajeshi wa Libya, wakakutana na JWTZ Lukaya mwezi Machi, kisha akampa Nyerere saa 24 aondoke Uganda. Ukinitaka mimi niseme vita ilibadilika lini, ningesema pale. Kazi ya Kampala, iliyokusudiwa kuachiwa Waganda, ikaangukia JWTZ, na mji ukatekwa Aprili 11. Hata hivyo barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iliachwa wazi makusudi ili Walibya wapate pa kutokea. Vita ina adabu zake za ajabu.

Gharama ililipwa kwa muda mrefu. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwepo watakwambia miezi hiyo ilikuwa na miaka ndani yake, ingawa si haki kuibebesha vita peke yake lawama, maana bei ya mafuta nayo ilipanda mwaka huohuo. Uganda nako, Yusuf Lule, rais aliyemfuata Amin, alikaa madarakani siku 68 tu. Mwaka 1981 kukawa na vita nyingine msituni.

Julai 1979 wakuu wa OAU walikutana Monrovia. Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania waziwazi kwa kuvunja kanuni ya 1963, na Godfrey Binaisa, aliyekuwa amemrithi Lule, akaitetea. Mkutano huohuo ndio ulioagiza iandikwe rasimu ya mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981.