Spika za nyuma hazijafa, ziache zinyamaze

Nimeitwa tena kutengeneza spika za nyuma ambazo hazina ubovu wowote. Malalamiko ni yale yale: "Fundi, hizi mbili za nyuma hazilii. Nimezitegea sikio, zinatoa kasauti kadogo tu." Na dawa ambayo mwenye nyumba ameshajaribu ni ile ile pia. Amebonyeza rimoti mpaka risiva, ile mashine inayoziendesha spika zote, ikaingia kwenye stirio ya chaneli zote, yaani sauti ile ile ya mbele itoke hata nyuma, kisha akapandisha za nyuma hadi mwisho. Sasa zinalia, ni kweli. Ila waigizaji wako kwenye skrini na sauti zao zinamjia kisogoni.

Tuelewane leo. Katika filamu iliyochanganywa kwa 5.1 (spika tatu mbele, mbili nyuma, na chaneli ya besi), spika za nyuma hazikupewa kazi ya kulia muda wote. Maneno karibu yote hupita kwenye spika ya kati. Muziki na vishindo vingi viko mbele, kushoto na kulia. Nyuma hupelekwa mvua, upepo, mwangwi wa ukumbi, umati wa watu, helikopta inayokupita juu na kwenda zake. Watu wawili wakiwa wamekaa chumbani wanazungumza kwa upole, huko nyuma huenda kusiwe na kitu kabisa, na aliyechanganya sauti alitaka iwe hivyo. Spika inayonyamaza dakika mbili halafu ikakuletea mvua pembeni mwa sikio inafanya kazi yake sawasawa.

Kama bado una shaka, fungua menyu ya risiva, uwashe toni ya majaribio. Ule mvumo utazunguka spika moja baada ya nyingine. Ukiusikia kwenye za nyuma, spika ni nzima, waya ni mzima, amplifaya ni nzima. Mjadala umekwisha, na bisibisi irudi mfukoni.

Kuna nyakati hazipati kitu kweli, lakini hapo kosa halimo kwenye spika. Tazama kioo cha risiva kinasema inapokea nini. Kikiandika PCM, yaani sauti isiyobanwa, na chaneli mbili, hakuna kilichotumwa nyuma. Mara nyingi ni televisheni: filamu ina 5.1, lakini sauti ya kutoka imeachwa kwenye PCM, na kupitia ARC (njia ya HDMI inayorudisha sauti ya televisheni kwenye risiva) au waya wa optiko PCM ni chaneli mbili basi. Badilisha iwe bitistrimu, sauti itumwe ikiwa bado imebanwa, na 5.1 iliyobanwa itapita humo humo bila kununua kitu. Ukiwa na eARC, toleo jipya la ARC, pande zote mbili, hata PCM ya chaneli nyingi inapita. Na kama chenyewe unachotazama kilirekodiwa kwa stirio, taarifa ya habari kwa mfano, hakuna waya utakaozaa chaneli ambazo hazikuwepo.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa, ile tabia ya kuzilazimisha zilie.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inakula karibu milisekunde 3. Chukua chumba ambacho spika za mbele ziko mita 3.5 kutoka kwenye kochi na za nyuma mita 1.5. Ukiweka stirio ya chaneli zote bila kuiambia risiva umbali, sauti ile ile ya mwigizaji inafika kutoka nyuma karibu milisekunde 6 kabla ya ile ya mbele. Helmut Haas alilieleza jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1949: sauti moja ikifika sikioni mara mbili, ya pili ikachelewa milisekunde chache tu, ubongo huziunganisha na kuamini kwamba zote zimetoka ilikotoka ya kwanza. Ya pili inaweza hata kuwa na nguvu zaidi, kiasi cha desibeli 10 hivi, na bado ya kwanza ndiyo inayoamua upande. Kwa hiyo spika ya nyuma iliyo karibu na sikio imeshashinda kabla hujagusa kitufe cha sauti. Ukiiongezea nguvu, unaimalizia kabisa spika ya kati uliyoilipia.

Dawa yake ni kuandika umbali wa kila spika kwenye menyu, kutoka kwenye spika hadi mahali kichwa chako kinapokaa. Risiva itazichelewesha za karibu ili zote zifike pamoja. Watu huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, eti kuandika namba tu. Ndiyo hatua ninayoanza nayo kila niingiapo kwenye chumba kilichovurugika.

Halafu usawa wa nguvu. Toni ya majaribio, kipima sauti kikiwa mahali pa kukaa, kikiwa kwenye mizani ya C (ile inayohesabu na besi) na usomaji wa polepole, kila spika ifike desibeli 75. Programu ya simu inatosha kulinganisha spika tano, kwa sababu kosa lake ni lile lile kwa zote. Kwa sabufa, ile spika ya besi, usiiamini, maikrofoni nyingi za simu hazisikii besi ya chini vizuri.

Na angalia kinachotokea za nyuma zikipandishwa desibeli 8 au 10 juu ya hapo. Mwangwi unazidi sauti iliyouzaa. Kelele za mtaani ndani ya filamu zinafunika maneno. Mtazamaji anaongeza sauti ya jumla ili asikie mazungumzo, mlipuko unakuja, nyumba nzima inaruka, anapunguza haraka, mazungumzo yanapotea tena. Wiki inayofuata ananiambia spika ya kati ni mbovu na anataka kununua nyingine. Si mbovu. Imezikwa.

Pa kuziweka. Pendekezo la ITU-R BS.775, la shirika la kimataifa la mawasiliano, linaweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa mstari wa katikati, na hizi mbili za nyuma nyuzi 100 hadi 120. Nyuzi 90 ni ubavuni kabisa, kwa hiyo 110 ni ubavuni ukirudi nyuma kidogo. Siyo kwenye kona za ukuta wa nyuma! Mazoea ya kuzitundika kule kwenye kona naamini ni mabaki ya zamani, enzi za Dolby Pro Logic, mfumo wa sauti ya kuzunguka ulioingia majumbani mwaka 1987. Chaneli ya nyuma wakati huo ilikuwa moja tu, iliyokatwa juu kwenye hezi 7,000, ukiwa na spika mbili zilipiga kitu kimoja. Leo kushoto na kulia ni chaneli mbili kamili, na zinahitaji masikio yako yawe katikati yake. Za nyuma hasa zinakuja kwenye 7.1, yenye spika mbili zaidi, hizo ndizo zinakaa nyuzi 135 hadi 150. Mwenye 5.1 anayeiga mchoro wa 7.1 anabaki na shimo la sauti pande zote mbili.

Hapa nina mashaka ambayo michoro ya vitabuni haiyasemi. Michoro ile inachora mtu mmoja kwenye kiti kimoja. Kwenye kochi la watu watatu, anayekaa mwisho ana spika nusu mita kutoka sikioni, na hakuna namba ya kwenye menyu inayomsaidia yeye bila kumuumiza wa katikati. Mimi hupandisha spika sentimita 60 hivi juu ya usawa wa masikio na kuzielekeza ng'ambo ya kochi, zisimtazame mtu wa karibu. Napoteza ukali wa mahali sauti inapotoka, napata watu watatu wanaofurahi. Kama una spika za darini za Atmos, mfumo unaoleta sauti hata kutoka juu, siwezi kukushauri hivyo kwa moyo mweupe, maana za pembeni zikipanda, tofauti yake na zile za juu inafifia. Na kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, naziweka nyuzi 90 sawasawa, hata 85, kuliko kuzibana nyuma ya vichwa.

Shaka jingine ni hizo desibeli 75. Kipima sauti hakina ndewe ya sikio. Mvumo ule ule ukitoka nyuma sikio hulisikia umbo lake tofauti na ukitoka mbele, kwa hiyo kipimo kikisema sawa, sikio wakati mwingine linasema za nyuma ziko chini. Huwa naruhusu desibeli 1 au 2 za ziada baada ya kutazama filamu nzima. Mtu akiniuliza kwa nini 2 na siyo 3, sina hesabu ya kumwonyesha, ni masikio yangu tu.

Mengine haraka. Nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili za waya. Waya za spika moja zikigeuzwa, besi inakonda na sauti zinakosa mahali. Kwenye menyu chagua spika "ndogo" hata kama zako ni ndefu, kata kwenye hezi 80, besi iende kwa sabufa. Ile .1 ya 5.1 ni chaneli ya peke yake ya besi hadi hezi 120, si jumla ya besi yote.

Na jambo moja kuhusu maikrofoni ya kujipima inayokuja na risiva. Ikimaliza, mara nyingi huandika kwamba sabufa iko mita 5 wakati unaiona iko mita 3. Usikimbilie futi kamba ukasahihisha. Vichujio ndani ya sabufa huichelewesha sauti, na risiva inauhesabu ucheleweshaji huo kama umbali. Namba hiyo ni sahihi kwa kazi yake, iache. Ninachokagua mimi baada ya maikrofoni ni saizi ya spika, mahali pa kukata besi, na kama za nyuma zimetambuliwa kushoto na kulia bila kupishana, kwa sababu waya zikipishana nyuma ya kabati mashine haikugutushi, na helikopta inaingia kulia mwa skrini kisha inatokea nyuma kushoto.