Laktulosi haitaki haraka: jinsi ya kuitumia dawa ya choo kigumu

Kwenye dirisha la dawa, mgonjwa aliyeandikiwa laktulosi mara nyingi huinama na kuuliza kwa sauti ya chini, asisikike na waliopanga foleni nyuma yake: "Hii nikinywa leo, jioni nitapata choo?" Huenda asipate. Laktulosi inaweza kuchukua hadi saa 48 kabla haijaonyesha kazi yake, na mimi kama mfamasia nimeona kwamba watu wengi wanaodhurika nayo ni wale walioshindwa kuzisubiri hizo siku mbili.

Mambo huenda hivi. Siku ya kwanza mgonjwa anakunywa kama alivyoelekezwa. Kesho yake asubuhi hakuna kitu, anaongeza dozi maradufu. Mchana jirani mwenye huruma anamletea sanamaki iliyochemshwa, au yeye mwenyewe anapita dukani kununua haluli. Ikifika usiku wa pili vyote vinafanya kazi kwa pamoja, na analetwa kwetu ameharisha mpaka macho yameingia ndani na miguu haina nguvu.

Ukiijua safari ya dawa hii tumboni, kusubiri hakutakutesa sana. Laktulosi ni sukari ya kutengenezwa, imeunganishwa kutokana na sukari mbili ndogo, galaktosi na fruktosi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuivunja, kwa hiyo inapita karibu yote ilivyo hadi utumbo mpana. Huko inakutana na bakteria wanaoishi humo siku zote. Wao huila na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hizo pamoja na sukari yenyewe huvuta maji. Choo kinalainika, kinaongezeka ukubwa, na utumbo unakisukuma nje. Bakteria hao wakila hutoa gesi pia, ndiyo maana siku za mwanzo tumbo hujaa, hunguruma na kunyonga kidogo. Hali hiyo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Ikizidi, rudi ukaelezwe namna ya kupunguza dozi, usiiache chupa kimyakimya.

Maji yanayovutwa na dawa yanatoka mwilini mwako. Ukinywa laktulosi huku maji hunywi, unaitaka dawa ifanye kazi bila mtaji. Kunywa maji ya kutosha kutwa nzima, isipokuwa kama una ugonjwa wa moyo au figo na daktari amekupangia kiwango cha maji kwa siku. Hapo fuata kiwango chako, na umkumbushe anayekuandikia dawa.

Kuhusu kipimo, laktulosi tunayoitoa zaidi ni ya maji, yenye gramu 10 katika kila mililita 15. Mtu mzima mara nyingi huanzishiwa mililita 15 mara mbili kwa siku, kisha daktari huongeza au kupunguza kulingana na choo kinavyokuwa. Cha mtoto hupangwa kwa umri wake, na usimkadirie kwa kugawa cha mtu mzima nusu. Tumia kifuniko au kikombe chenye mistari kinachokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani, hata vile vya seti moja. Kama kipimo kimepotea, omba kingine au bomba la sindano lisilo na sindano, hatutakunyima.

Unaweza kuinywa kabla au baada ya kula. Wanaochukizwa na utamu wake wachanganye na maji, juisi au maziwa. Usiikalishe mdomoni, maana ni sukari na meno yataumia, hivyo sukutua ukimaliza. Ukisahau dozi moja, iache na uendelee na inayofuata kwa kiwango kilekile. Wanaofunga Ramadhani wasiokatazwa na daktari wanaweza kuomba wapangiwe dozi kati ya futari na daku, na maji wanayokosa mchana wayafidie usiku kidogo kidogo, si kwa mkupuo mmoja alfajiri.

Usilinganishe dozi yako na ya mwenzako wodini wala mtaani. Laktulosi hiyohiyo hutumika kwa wagonjwa wa ini ambao sumu zinawapanda kichwani na kuwachanganya akili. Wao hunywa kiasi kikubwa zaidi, mililita 30 hadi 45 mara tatu au nne kwa siku, makusudi ili wapate choo laini mara mbili au tatu kila siku. Mwenye choo kigumu akiiga dozi hiyo ataharisha.

Nirudi kwenye sanamaki, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua. Sanamaki ni dawa ya kweli. Inauchochea utumbo ujikaze, na kwa kawaida hufanya kazi ndani ya saa 6 hadi 12. Hata viwandani hutengenezwa vidonge vyake, na wapo wagonjwa ambao daktari huwaandikia pamoja na laktulosi kwa kupima. Tatizo ni kwamba ile ya kuchemsha nyumbani haina kipimo. Haluli nayo ni chumvi ya magneziamu, huvuta maji kwa kasi, na kwa mwenye figo dhaifu magneziamu inaweza kubaki mwilini ikafika kiwango cha hatari. Mafuta ya nyonyo hunyonga tumbo vibaya, na mjamzito asiyaguse. Simwambii mtu adharau dawa za bibi yake. Ninachoomba ni moja: kama umekwisha kunywa chochote katika hivyo, kitaje kabla hujapewa laktulosi. Hakuna atakayekugombeza.

Taja na vidonge vingine vyote, maana pengine ndivyo vinavyokufungisha choo. Dawa kali za maumivu kama kodini, tramadoli na mofini zinajulikana sana kwa hilo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito pia, na amitriptilini inayotolewa kwa sonona au maumivu ya neva, na baadhi ya dawa za presha kama verapamili. Usiziache kwa uamuzi wako. Mjamzito akiacha vidonge vya damu kwa sababu ya choo kigumu amebadilisha usumbufu kwa hatari, wakati laktulosi yenyewe anaweza kuandikiwa, kwa kuwa ni kidogo sana inayoingia kwenye damu. Wanaotumia dawa za kukojoza au digoksini ya moyo wawe waangalifu zaidi na kuharisha, kwa sababu kuharisha kunapoteza potasiamu na moyo unaweza kuyumba.

Mwenye kisukari kwa dozi za kawaida za choo huwa hapati shida, lakini chupa ina kiasi kidogo cha sukari nyingine, galaktosi na laktosi, basi aseme mapema, hasa akipangiwa dozi kubwa. Mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao wa mwili kushindwa kuitumia galaktosi hapaswi kuitumia kabisa.

Choo kikiwa cha maji, simamisha dawa, anza kunywa maji yenye chumvichumvi za ORS, na uwasiliane na kituo ulichopewa dawa. Tunachokitafuta ni choo laini chenye umbo, kinachotoka bila kukamua. Kila siku si lazima, kwani wapo watu wazima wenye afya wanaopata mara tatu kwa wiki. Hali ikitulia, dozi hupunguzwa polepole. Wakati huohuo zoea kwenda chooni baada ya kifungua kinywa, kwa sababu utumbo mpana huamka mtu akila, na usiwe na haraka. Choo cha kuchuchumaa kina faida yake hapa, na anayetumia cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu.

Chupa itunze penye kivuli, mbali na jiko na dirisha la jua, wala usiigandishe. Rangi kukolea kidogo ni kawaida, ila ikiwa nyeusi sana au imechafuka, ilete tukubadilishie.

Yapo mambo yasiyotaka laktulosi hata kijiko kimoja. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au choo kubadilika ghafla kwa mtu aliyepita miaka 50 vinahitaji uchunguzi kwanza, hata kama unaamini ni bawasiri tu. Na kama tumbo limevimba na kukaza, maumivu yanakuja kwa mawimbi, unatapika, huna choo na hata hewa haitoki, utumbo unaweza kuwa umeziba au umejisokota. Hapo usinywe dawa yoyote ya choo, usikubali kupigwa bomba nyumbani. Nenda hospitali yenye huduma ya upasuaji saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.